Kukata, Kuunganisha au Kupanua: Ulinganisho wa Mbinu za Upasuaji wa Utumbo na Kurejea kwa Ugonjwa wa Crohn

Mgonjwa wa Crohn, yaani ugonjwa sugu wa uvimbe na vidonda vya utumbo, anapoambiwa kwamba dawa zimefika mwisho wa uwezo wake na utumbo sasa unahitaji kisu, huwa na maswali mawili kichwani: je, nitapata nafuu, na je, ugonjwa utarudi? Swali la kwanza lina jibu lenye matumaini, kwa kuwa upasuaji huondoa msinyao uliokuwa ukizuia chakula kupita, au fistula, yaani njia isiyo ya kawaida iliyojitoboa kutoka kwenye utumbo, iliyokuwa ikimwaga uchafu mahali pasipostahili, na wagonjwa wengi hurudia maisha ya kawaida baada ya wiki chache. Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu kisu huondoa sehemu iliyoharibika lakini hakiondoi tabia ya mwili kuushambulia utumbo wake wenyewe. Tangu Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer walipouelezea ugonjwa huu mjini New York mwaka 1932, madaktari wa upasuaji hawajaacha kutafuta namna ya kukata na kuunganisha itakayouchelewesha usirejee.

Mbinu zinazolinganishwa hapa ni zile ambazo mgonjwa au ndugu yake anaweza kutajiwa chumbani mwa daktari. Niseme mapema msimamo wangu: tofauti kati ya mbinu nyingi, kwa upande wa kurejea kwa ugonjwa peke yake, ni ndogo kuliko mgonjwa anavyotarajia, na kwa hiyo mambo mengine, hasa usalama wa mshono na urefu wa utumbo utakaobaki, yanastahili kupewa uzito mkubwa zaidi katika kuamua.

Kwanza, "kurejea" maana yake nini

Takwimu za ugonjwa huu humpotosha haraka msomaji asiyejua kwamba neno moja linabeba maana tatu. Kuna kurejea kunakoonekana kwa kamera, yaani vidonda vinavyoonekana wakati wa kolonoskopi hata kama mgonjwa hahisi chochote. Kuna kurejea kwa dalili, pale maumivu na kuharisha vinapoanza tena. Kisha kuna kurejea kunakomrudisha mgonjwa kwenye meza ya upasuaji. Kundi la Paul Rutgeerts huko Leuven, Ubelgiji, lilionyesha mwaka 1990 jinsi hatua hizi zilivyoachana: ndani ya mwaka mmoja baada ya upasuaji, asilimia 73 ya wagonjwa walikuwa tayari na vidonda vinavyoonekana kwa kamera, ilhali asilimia 20 tu walikuwa na dalili. Baada ya miaka mitatu viwango hivyo vilikuwa vimepanda hadi asilimia 85 na 34.

Kundi hilohilo ndilo lililotupatia kipimo kinachotumika hadi leo, kinachoanzia i0, ambapo utumbo ni safi, hadi i4, ambapo kuna vidonda vikubwa, vinundu au msinyao mpya. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba mbinu fulani "imepunguza kurejea kwa nusu", aulize kwanza ni kurejea kupi, kwa sababu mbinu inaweza kupunguza vidonda vinavyoonekana katika mwezi wa sita bila kuthibitishwa bado kwamba inapunguza upasuaji wa pili.

Jambo jingine la kukumbuka ni mahali. Baada ya kuondoa mwisho wa utumbo mwembamba, ambao huitwa ileamu, pamoja na sekamu, yaani mwanzo wa utumbo mpana, ugonjwa unaporudi huanzia karibu kila mara juu kidogo ya kiungio, yaani mahali ncha mbili za utumbo zilipounganishwa, upande wa utumbo mwembamba. Kundi la Leuven lilionyesha pia kwamba kinyesi kikielekezwa nje kwa stoma, yaani tundu lililofunguliwa kwenye ngozi ya tumbo, kabla ya kufika kwenye kiungio, sehemu hiyo hubaki salama, na kinyesi kikirudishwa kupita pale, vidonda hurudi. Kutokana na hilo ilizaliwa hoja kwamba kiungio kipana, kisichokwamisha chochote, huenda kikachelewesha ugonjwa.

Ncha kwa ncha au ubavu kwa ubavu

Kwa miaka mingi kiungio cha kawaida kilikuwa cha ncha kwa ncha, kinachoshonwa kwa mkono: mdomo wa utumbo mmoja huwekwa dhidi ya mdomo wa mwingine na kushonwa kwa mzunguko. Stepla za upasuaji zilipoenea, madaktari wengi walihamia kwenye kiungio cha ubavu kwa ubavu, ambapo vipande viwili hulazwa sambamba na stepla hufungua mlango mpana kati yake. Tafiti za awali, zilizolinganisha wagonjwa wa zamani na wapya bila kupangwa kwa kura, zilitoa picha nzuri sana kwa njia ya pili, na ikaaminika kwamba upana ndio siri.

Jaribio lililopanga wagonjwa kwa kura katika hospitali 17, lililochapishwa mwaka 2009 likiongozwa na Robin McLeod, liliipoza imani hiyo. Baada ya takribani mwaka mmoja, vidonda vilionekana kwa asilimia 42.5 ya walioshonwa ncha kwa ncha na asilimia 37.9 ya waliounganishwa ubavu kwa ubavu, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Kwa upande wa dalili, viwango vilikuwa asilimia 21.9 na 22.7, yaani karibu sawasawa.

Kama kurejea hakuzitofautishi, basi mizani inahamia kwenye mambo mengine. Stepla huokoa muda na hupatanisha kwa urahisi vipande viwili visivyolingana kwa upana, hali inayotokea sana pale utumbo mwembamba uliozuiwa umevimba. Kwa suala la kuvuja kwa kiungio, ambalo ndilo tatizo linalohofiwa kuliko yote katika siku za kwanza, majaribio ya zamani yaliyojumuishwa pamoja yaliipendelea stepla, ila washiriki wake wengi walikuwa wagonjwa wa saratani, na ukaguzi mpana uliofanywa baadaye barani Ulaya ulionyesha mwelekeo kinyume. Kwa hiyo ni busara zaidi kumwamini daktari anayefanya vizuri kile alichokizoea kuliko kumlazimisha abadili mkono. Kiungio cha ncha kwa ncha, kwa upande wake, huuacha utumbo ukiwa mfereji ulionyooka, na jambo hilo humrahisishia daktari wa kamera kuingia na kuukagua utumbo mwembamba miaka inayofuata. Kiungio cha ubavu kwa ubavu kinaweza kutanuka kama mfuko na kufanya mlango wa kuingilia uwe mgumu kuonekana. Faida hiyo huonekana ndogo siku ya upasuaji, lakini katika ugonjwa ambao ufuatiliaji wake hutegemea kamera, nadhani inastahili kuzingatiwa kuliko inavyozingatiwa.

Kiungio cha Kono

Mbinu iliyoamsha matumaini makubwa zaidi katika miaka ya karibuni ilibuniwa na Toru Kono nchini Japani, ambako ilianza kutumika mwaka 2003. Utumbo hukatwa kwa stepla, kisha visiki viwili hushonwa pamoja migongo yake ikigusana ili viwe kama nguzo. Baada ya hapo hupasuliwa tundu refu kwenye kila kipande, upande ulio mbali na mesenteri, yaani utando wenye mafuta unaobeba mishipa ya damu na neva za utumbo, na matundu hayo hushonwa kwa mkono kwa upana ili mlango uwe mpana. Lengo ni mambo matatu kwa pamoja: nguzo izuie kiungio kujikunja na kusinyaa, mesenteri isihusike na mshono, na damu na neva zibaki kwa sababu mesenteri hukatwa karibu kabisa na utumbo.

Jaribio la kwanza lililopanga wagonjwa kwa kura lilifanyika Naples, Italia, na kuchapishwa mwaka 2020, likiwa na wagonjwa 79. Miezi sita baada ya upasuaji, kurejea kwa kiwango cha i2 au zaidi kulionekana kwa asilimia 22.2 ya waliofanyiwa kiungio cha Kono na asilimia 62.8 ya waliounganishwa kwa njia ya kawaida. Hiyo ni tofauti kubwa sana. Hata hivyo, jaribio lilikuwa la kituo kimoja na wagonjwa wachache. Isitoshe, kiwango cha i2 kinajumuisha vidonda vilivyo kwenye mstari wa kiungio pekee, na baadhi ya vidonda vya namna hiyo hutokana na upungufu wa damu kwenye mstari wa stepla badala ya ugonjwa wenyewe, jambo ambalo linaweza kukifanya kiungio cha stepla kionekane kibaya kuliko kilivyo. Kwa dalili, pengo lilikuwa dogo zaidi: baada ya miaka miwili, asilimia 18 dhidi ya 30.2.

Ningeshauri vipi? Kiungio cha Kono hakijaonyesha hatari ya ziada mikononi mwa waliokizoea, na daktari anayekifanya mara kwa mara ana haki ya kukipendekeza. Lakini mgonjwa asiahirishe upasuaji unaohitajika haraka, wala asimwache daktari mzuri wa utumbo aliye naye, kwa ajili ya kukifuata kiungio hiki mbali. Muda wa upasuaji huongezeka kidogo, na mshono wa mkono unadai uzoefu.

Kuondoa mesenteri au kuiacha

Hapa kuna mvutano wa kuvutia. Wakati njia ya Kono inakata mesenteri karibu na utumbo na kuibakiza sehemu kubwa, kundi la Calvin Coffey huko Limerick, Ireland, lilikwenda upande mwingine kabisa, likidai kwamba mesenteri yenyewe, yenye mafuta yanayoutambalia utumbo mgonjwa, ni chanzo cha moto na inapaswa kuondolewa. Mwaka 2018 walitoa taarifa kwamba upasuaji wa pili ulishuka kutoka asilimia 40 hadi 2.9 walipoanza kuiondoa. Walakini walikuwa wakilinganisha wagonjwa wao wapya na wa zamani, na wa zamani walikuwa wamefuatiliwa katika zama tofauti za matibabu.

Jaribio lililopanga wagonjwa kwa kura, lililoongozwa kutoka Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2024, lilijibu swali hilo kwa namna isiyoacha nafasi kubwa ya ubishi: miezi sita baada ya upasuaji, vidonda vilikuwa vimerejea kwa asilimia 42 ya walioondolewa mesenteri kwa upana na asilimia 43 ya walioachiwa. Mgonjwa akiambiwa leo kwamba mesenteri yake itaondolewa yote ili ugonjwa usirudi, ana sababu nzuri ya kuuliza ushahidi wa pendekezo hilo ni upi, kwa sababu mesenteri ya ugonjwa huu ni nene, hutoka damu kwa urahisi, na kuikata hadi kwenye mzizi wake si kazi ndogo.

Ukingo mpana au mwembamba

Suala hili halihitaji maneno mengi. Katika jaribio la Cleveland, Marekani, lililochapishwa mwaka 1996, wagonjwa waliokatwa sentimita 2 nje ya sehemu iliyoonekana kuugua walilinganishwa na waliokatwa sentimita 12. Ugonjwa ulirejea kwa asilimia 25 na 18, bila tofauti ya maana kitakwimu, na chembe za ugonjwa zilizoonekana kwa hadubini kwenye ukingo hazikuongeza kurejea. Daktari hukata pale anapoona na kuhisi kwa vidole kwamba utumbo ni mzima, na hakuna sababu ya kuutoa mhanga utumbo wenye afya.

Kukata au kupanua

Katika swali hili chaguo lina uzito halisi kwa mgonjwa, hasa yule mwenye misinyao mingi iliyotawanyika au aliyekwisha kukatwa utumbo mara kadhaa. Badala ya kuondoa sehemu iliyosinyaa, daktari huipasua kwa urefu na kuishona kwa upana, hivyo njia hufunguka bila hata sentimita moja kupotea. Mbinu hii, iitwayo striktuplasti, ilikuwa imeelezwa nchini India mwaka 1977 kwa misinyao ya kifua kikuu cha utumbo kabla haijahamishiwa kwenye Crohn huko Oxford na Emanoel Lee mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa msinyao mfupi usiozidi takribani sentimita 10 hutumika umbo la Heineke-Mikulicz. Kwa ule mrefu kidogo hutumika la Finney. Na pale misinyao inapofuatana kwa kipande kirefu, Fabrizio Michelassi alibuni njia ya kuukata utumbo katikati, kuvilaza vipande viwili sambamba na kuvishona ubavu kwa ubavu.

Hofu ya kwanza ya mgonjwa ni ya kawaida kabisa: kama utumbo unaougua umeachwa mwilini, si ugonjwa utarudi palepale? Uchambuzi uliojumuisha wagonjwa 1,112 na striktuplasti 3,259, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba ndani ya miaka mitano ugonjwa ulirejea kwa asilimia 28, na kwamba kwa asilimia 90 ya waliorejewa, palipougua ni mahali pengine, si pale palipopanuliwa. Kwa maneno mengine, sehemu iliyopanuliwa mara nyingi hutulia, na sababu ya jambo hilo bado inawashangaza hata waliobobea.

Faida kubwa ya kupanua ni urefu unaookolewa. Mtu aliyeondolewa zaidi ya sentimita 60 hivi za ileamu huenda akahitaji vitamini B12 kwa sindano maisha yote. Akipoteza zaidi ya sentimita 100, chumvi za nyongo hupotea kwa wingi, mafuta hayameng'enywi vizuri na kuharisha huwa jambo la kila siku. Na akibakiwa na utumbo mwembamba usiofika sentimita 200, anakaribia hali ya utumbo mfupi, ambapo baadhi ya wagonjwa hulishwa kupitia mshipa. Mambo haya hayaji kwa upasuaji mmoja, bali kwa mfululizo wake, na ndiyo maana daktari mwenye busara huhesabu sentimita kana kwamba mgonjwa atarudi tena.

Hata hivyo, striktuplasti haifai kila mahali. Haifanywi penye jipu, tundu lililotoboka au uvimbe mkubwa uliogandamana; haifanywi pale saratani inaposhukiwa, na ni vyema kipande kidogo kichukuliwe kwa uchunguzi wakati wa upasuaji; na haimfai mgonjwa aliyedhoofika sana kwa lishe duni. Vilevile, kama misinyao mingi imesongamana kwenye kipande kifupi, au kama ni mara ya kwanza na ugonjwa uko kwenye mwisho wa ileamu pekee, kukata kipande hicho kifupi ni rahisi na salama zaidi.

Utumbo mpana: sehemu au wote

Ugonjwa ukiwa kwenye utumbo mpana, chaguo ni kuondoa kipande kilichougua tu, au kuondoa koloni yote, yaani utumbo mpana bila rektamu, na kuunganisha utumbo mwembamba na rektamu, sehemu ya mwisho inayoelekea njia ya haja. Uchambuzi wa wagonjwa 488 uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba ugonjwa ulirejea mapema zaidi, kwa wastani wa miaka 4.4, kwa waliokatwa kipande. Kwa upande mwingine, koloni iliyobaki hufyonza maji, na mtu mwenye kipande tu kilichoondolewa huenda chooni mara chache zaidi. Ugonjwa ukiwa sehemu moja tu, kukata kipande ni chaguo lenye mantiki. Ukiwa sehemu mbili au zaidi, kuondoa koloni yote kunaanza kupata nguvu. Rektamu ikiwa imeharibika na fistula za njia ya haja zimekataa kutulia, kuondoa vyote na kuweka stoma ya kudumu ndiyo njia yenye kurejea kudogo kuliko zote, ingawa bei yake kwa maisha ya mtu ni kubwa na uamuzi huo hauwezi kufanywa kwa hesabu peke yake.

Matundu madogo au kidonda kikubwa, na upasuaji au dawa

Upasuaji wa matundu madogo, yaani laparoskopia, haubadili kurejea kwa ugonjwa ukilinganishwa na wa kufungua tumbo. Hupendelewa kwa sababu nyingine: kupona haraka, kovu dogo na henia chache.

Kuna ulinganisho mmoja unaostahili kutajwa ingawa si wa mbinu dhidi ya mbinu. Katika jaribio la watu 143 huko Uholanzi na Uingereza, wagonjwa wenye ileamu iliyougua kwa kipande kisichozidi sentimita 40, bila msinyao mkubwa wala jipu, walipangwa kwa kura wafanyiwe upasuaji wa matundu madogo au wapewe infliximab, dawa ya kibaiolojia inayotuliza uvimbe. Baada ya miaka mitano hivi, hakuna aliyekuwa kwenye kundi la upasuaji aliyehitaji kukatwa tena, ingawa asilimia 26 walianza dawa za kibaiolojia baadaye. Katika kundi la dawa, asilimia 48 waliishia kufanyiwa upasuaji. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, na huyo tu, upasuaji wa mapema ni chaguo lililo sawa na dawa, na anayeutaka asionekane kuwa amekata tamaa.

Yanayozidi mbinu

Mgonjwa anayevuta sigara baada ya upasuaji ana hatari ya kurejewa inayokaribia mara mbili ya asiyevuta. Hakuna kiungio, kiwe cha Kono au cha mtu mwingine, ambacho kimethibitishwa kwa uhakika unaolingana na ule wa kuacha sigara. Dawa nazo zina nafasi: katika jaribio kubwa la infliximab baada ya upasuaji lililokuwa na wagonjwa 297, kurejea kwa vidonda kulikuwa asilimia 30.6 kwa waliopewa dawa na asilimia 60 kwa wasiopewa, ingawa kwa dalili tofauti haikuwa thabiti. Na ufuatiliaji wenyewe hubadili matokeo. Katika jaribio la Australia na New Zealand lililokuwa na wagonjwa 174, waliofanyiwa kolonoskopi baada ya miezi sita na kuongezewa matibabu palipoonekana vidonda walikuwa na kurejea kwa asilimia 49 katika mwezi wa 18, dhidi ya asilimia 67 kwa wasiofanyiwa.

Kwa mtazamo huo, naona mgonjwa anafanyiwa haki zaidi na timu inayomwekea tarehe ya kolonoskopi ya mwezi wa sita kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani kuliko na ile inayotumia muda wote kumshawishi juu ya aina ya mshono. Kama anatumia steroidi kwa wingi, kama amekonda sana au kama kuna jipu ambalo halijakaushwa, ahoji pia iwapo upasuaji unaweza kusubiri wiki kadhaa hali hizo zirekebishwe, na kama haiwezekani, iwapo stoma ya muda ingekuwa salama kuliko kiungio siku hiyo. Hatari ya kuvuja katika hali hizo huongezeka, na inastahili uzito kuliko uchaguzi wa aina ya mshono.

Baada ya upasuaji, aombe nakala ya taarifa ya upasuaji na kuihifadhi: sentimita ngapi ziliondolewa, ngapi zilibaki na zilipimwa vipi, kiungio ni cha aina gani na kilifanywa kwa stepla au kwa uzi, striktuplasti ni ngapi na ziko wapi. Daktari wa kamera atakayemwangalia baada ya miezi sita atahitaji kujua aingie kwa njia gani, na daktari wa upasuaji wa miaka kumi ijayo, akihitajika, ataanzia kwenye karatasi hiyo.